Sura ya Sita: Folda Isiyofunguka

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Waliojiandikisha waliongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama. Wengine wote waliambiwa wahamie Windows 11. Na Windows 11 ina masharti yake: yataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa kompyuta zenye prosesa ya Intel yataka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa chache zilizosamehewa. Mombasa masharti hayo yaliwaacha wengi nje. Kompyuta ya mezani unayoikuta katika duka dogo au sebuleni mara nyingi ni mtumba uliostaafishwa na ofisi fulani huko Uingereza, ukafutwa vumbi, ukauzwa hapa kwa jina la ex-UK. Yafanya kazi, haina kosa lolote, ila ni ya kizazi cha nne. Ndipo kijana wa nyumba anapochomeka flashi na kutia Ubuntu.

Kutia Ubuntu si kazi. Kabla ya adhana ya isha umemaliza, Firefox yafunguka, LibreOffice yazisoma barua za zamani. Kazi ni asubuhi yake, pale mtu wa chumba cha pili anapotaka faili aliyokuwa akiipata jana kwa kubofya mara mbili, na leo aambiwa haipo, au hajulikani, au hana ruhusa. Majibu hayo matatu ni maradhi matatu tofauti. Watu huyatibu kama moja, tena kwa dawa ya lile wasilougua.

Nyumba nitakayoitolea mfano iko Shelly Beach, upande wa Likoni. Chumba chake cha mbele ni duka la kuchapa barua, fotokopi na kujaza fomu za eCitizen. Mwezi wa Juni ukianza kuisha, hujaa watu waliokumbuka ritani za kodi za KRA dakika za mwisho. Nyuma ya duka ni makazi. Mwenyewe wateja humwita Bi Mkubwa, nami nitamwita hivyo hivyo. Kompyuta ya duka ilikuwa na folda moja kubwa iitwayo "kazi", yenye barua, fomu na skani za miaka mingi. Bintiye alikuwa akiifungua kutoka chumbani kwa laptopu mpya yenye Windows 11 Pro. Mashine ya fotokopi, mtumba mwingine mzito wa ofisini, ilikuwa ikitupa skani zake humo humo. Mpwawe akatia Ubuntu 24.04 kwenye kompyuta ya duka (tumpe haki yake: faili alizihifadhi kwanza kwenye diski ya nje), na njia zote mbili zikakatika.

"Mwanangu, hini kompyuta jana ilikuwa yanijua, leo yaniuliza mimi ni nani," Bi Mkubwa aliniambia, marahaba yake haijamtoka vizuri.

Alikuwa amegusa penyewe kuliko alivyodhani. Ila kabla ya kufika kwenye hilo la kujulikana, kuna swali ambalo fundi asipoliuliza atahangaika bure: wiki hiyo, mbali na Ubuntu, nini kingine kilibadilika? Mfumo mpya ukiingia nyumbani hutwikwa lawama za kila kitu, hata balbu ikiungua. Katika nyumba hii, siku zile zile, mpwawe alikuwa ameweka ruta ya pili dukani, kwa sababu waifai ya ruta ya ndani haikuwa ikipenya kuta. Nyumba ni ya mawe ya matumbawe, na kuta nene za namna hiyo huyameza mawimbi. Alivuta waya kutoka ruta ya ndani, akauchomeka kwenye ruta mpya katika tundu la intaneti, lile lenye rangi yake peke yake. Intaneti ikaja, akaridhika.

Kumbe nyumba moja ilikuwa imekuwa mitandao miwili. Ukiandika `ip a` kwenye Ubuntu na `ipconfig` kwenye Windows utaziona anwani za kompyuta zote mbili. Ya duka ilianza na 192.168.0, ya laptopu 192.168.100. Katika mtandao wa kawaida wa nyumbani, namba tatu za mwanzo zisipolingana, kompyuta hizo haziko pamoja hata kama ziko chini ya paa moja. Na mpangilio huu una ujanja wake: aliye nyuma ya ruta ya pili humfikia aliye mbele, lakini wa mbele hamfikii wa nyuma, kwani ruta hiyo humchukulia kama mgeni wa kutoka kwenye intaneti. Ndiyo maana kijana alikuwa akiapa kwamba yeye kutoka dukani aifikia laptopu bila shida, binamu yake naye akiapa kwamba haifikii kompyuta ya duka. Wote wawili walikuwa wakisema kweli.

Dawa ni kuhamisha waya huo uingie katika tundu mojawapo la kawaida, na kuizuia ruta ya pili isigawe anwani (katika mipangilio yake zima kinachoitwa DHCP). Ugawaji ubaki kwa ruta ya ndani peke yake. Nilipouchomoa waya, vile vipini vidogo vya kichwani mwake vilikuwa vimeota kijani. Nyumba iliyo karibu na bahari hivi, hewa ya chumvi hufika kila mahali, na kichwa cha waya kilicholiwa hakifi siku moja: hupitisha leo, kesho hupitisha nusu, keshokutwa hukataa, nawe wabaki kumlaumu Linux. Kata kichwa, bana kipya. Na kama kifaa kimojawapo kimeunganishwa na ile waifai ya wageni, kitoe huko. Ruta nyingi huvizuia vifaa vya wageni visionane, na zina sababu nzuri.

Baada ya hapo laptopu ilipata jibu la `ping` kutoka kompyuta ya duka. Binti akafungua dirisha la mtandao katika Windows. Tupu.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na si pa kukatia tamaa. Kutoonekana si kutofikika. Zamani kompyuta za Windows zilijitangaza kwenye mtandao, zikachagua mmoja wao awe mwenye kutunza orodha ya majina, na dirisha lile likajazwa kutokana na orodha hiyo. Utaratibu huo uliegemea toleo la kwanza la itifaki ya kushirikiana faili, SMB1, na SMB1 ilipoacha kuwekwa kwa kawaida katika Windows 10, kuanzia toleo la 1709 la Oktoba 2017, orodha nayo ikaenda. Windows ya leo hutafuta wenzake kwa itifaki iitwayo WS-Discovery. Ubuntu kwa kawaida hujitangaza kwa nyingine, mDNS. Kila mmoja atoa tangazo lake, na mwenzake hasikilizi idhaa hiyo. Ukitaka jina la kompyuta ya Ubuntu lionekane ndani ya Windows, tia programu ndogo iitwayo wsdd. Lakini usianze nayo. Anza kwa kuandika anwani yenyewe juu ya dirisha la faili, `\\192.168.100.14\kazi`, ubonyeze Enter. Likija swali la jina na nenosiri, umefika. Lisipokuja, rudi kwenye nyaya, au kwenye faiwoli iliyofunga lango namba 445.

Anwani hiyo nayo ifungwe isihame. Stima zikikatika na kurudi, ruta yaweza kuigawia kompyuta ya duka namba nyingine, na njia ya mkato uliyoiweka ikafia hapo. Katika mipangilio ya ruta kuna mahali pa kuihifadhia kompyuta fulani anwani fulani. Fanya hivyo ingali mapema.

Swali la jina na nenosiri ndilo lililomchosha Bi Mkubwa, na ili kulielewa inabidi tumjue anayeuliza. Si Ubuntu hasa. Ni Samba, programu iliyo ndani ya Ubuntu inayozungumza itifaki ya Windows. Itifaki yenyewe, SMB, ilibuniwa IBM na Barry Feigenbaum miaka ya 1980, Microsoft ikaikuza. Mwishoni mwa 1991 Andrew Tridgell, mwanafunzi wa uzamifu huko Canberra, Australia, alitaka kompyuta yake ifikie faili za seva ya Unix. Hakuwa na kitabu cha itifaki hiyo. Akasikiliza pakiti zikipita kwenye waya, akaona swali gani hupata jibu gani, akaandika seva inayojibu vivyo hivyo. Baadaye aliieleza njia hiyo kwa mfano wa mtu anayejifunza Kifaransa kwa kukaa mkahawani: asikiliza wateja wasema nini na mhudumu aleta nini, na siku moja naye aagiza, aone ataletewa nini. Vitabu vya sheria za itifaki vilikuja baadaye sana. Tume ya Ulaya iliiamuru Microsoft mwaka 2004 iwapatie washindani maelezo ya kuwasiliana na seva zake. Kesi ikaendelea hadi 2007, na Desemba mwaka huo watu wa Samba wakayapata kwa malipo ya mara moja ya yuro 10,000. Yaani folda ya duka la Shelly Beach hufunguka kwa adabu zilizookotwa kwa kusikiliza, kisha zikakamilishwa na mahakama.

Jambo hili lina matokeo yanayokugusa wewe uliyekaa na kibodi. Samba ina daftari lake la watumiaji, tofauti na la Ubuntu. Nenosiri unaloingilia asubuhi kwenye kompyuta Samba hailijui. Si uzembe wa waandishi wake. Linux haihifadhi nenosiri lako; huhifadhi alama iliyotokana nalo kwa hesabu isiyorudishika. Windows inapobisha hodi kupitia mtandao nayo haitumi nenosiri, hutuma uthibitisho uliopigwa kwa hesabu ya aina nyingine. Alama hizi mbili hazilingani, na nenosiri lenyewe halipo mahali popote ili lipigwe upya. Kwa hiyo inakubidi uliandike tena, kwa ajili ya Samba:

`sudo adduser duka`
`sudo smbpasswd -a duka`

Mpwawe hakufanya hivyo. Alitiki kisanduku cha kuruhusu wageni, ili mtu yeyote wa nyumbani aingie bila kuulizwa. Kwa miaka mingi njia hiyo ilifaa. Lakini Windows 11 Pro, tangu toleo la 24H2 lililotoka Oktoba 2024, hukataa kuingia kama mgeni, na hutaka kila ujumbe utiwe sahihi. Sahihi hutengenezwa kutokana na nenosiri. Mgeni hana nenosiri, basi hana cha kutilia sahihi. Ujumbe uliomtokea binti ulisema, kwa maana yake, kwamba sera za usalama za shirika lake zimezuia wageni wasiothibitishwa. Shirika! Ndani ya nyumba ile shirika ni Bi Mkubwa, na hakuwa ametoa sera yoyote. Ukikutana na maneno hayo usimtafute msimamizi. Jua tu kwamba laptopu imeitwa mgeni na imekataa.

Mafundi wengine hapo huingia ndani ya Windows na kuilazimisha ikubali wageni. Inawezekana. Mimi siipendi dawa hiyo, kwa sababu yailegeza laptopu kila iendako, hata ikienda kwenye waifai ya mkahawa au ya chuo, kwa ajili ya folda moja ya nyumbani. Akaunti moja yenye nenosiri ni kazi ya dakika chache, na haiharibu kitu.

Tukaipa folda jina na mwenyewe. Bado laptopu ikakataa mara moja. Nenosiri lilikuwa sawa, ila Windows ilikuwa imeweka akiba jina la zamani la kuingilia kompyuta ile ile na kulituma kimyakimya kabla hatujaandika lolote. Akiba hiyo ilipofutwa katika Credential Manager, swali likaja upya, jibu likakubaliwa, folda ya "kazi" ikajionyesha. Binti akabofya. "Huna ruhusa."

Hili ndilo jibu la tatu, na huudhi kuliko yote kwa sababu huja mtu akiwa ameshaanza kushangilia. Linux huuliza mara mbili. Kwanza Samba: je, huyu aruhusiwa kwenye folda hii? Kisha diski yenyewe: je, mtumiaji huyu aruhusiwa kupita hapa? Jibu kali zaidi ndilo hushinda. Kijana alikuwa ameiweka folda ndani ya makazi yake mwenyewe, `/home`, na tangu Ubuntu 21.04 ya Aprili 2021 makazi ya kila mtumiaji mpya yamefungwa kwa watumiaji wengine. Samba ilimkubali "duka", diski ikamzuia asivuke hata ukumbi. Wengi hutatua hili kwa `chmod 777`, yaani ruhusa zote kwa wote, kuanzia juu hadi chini. Hilo si tatuzi, ni kuhama nyumba ukiwa umeacha kila kitu wazi. Mahali pa folda ya pamoja si ndani ya makazi ya mtu. Tuliihamishia `/srv/kazi`, tukaikabidhi kwa "duka", mpwawe tukamtia katika kundi lenye jina hilo hilo, na ruhusa ya folda ikawa 2770. Ile 2 ya mbele hufanya kila faili mpya irithi kundi la folda, badala ya kundi la aliyeiandika. Katika `smb.conf`, faili ya mipangilio ya Samba, mistari ikawa hii:

`[kazi]`
`path = /srv/kazi`
`valid users = duka`
`read only = no`
`create mask = 0660`
`directory mask = 2770`

Halafu `testparm`, inayokagua kama umekosea kuandika. Ni michache, na iwe michache. Kuna mafundi wa kupiga ramli, wanaonakili kurasa nzima za mipangilio iliyoandikwa na watu wengine miaka kumi iliyopita, mstari mmoja ukikataza kile ambacho mwingine umeruhusu. Usiandike mstari usioweza kumweleza mwenye nyumba kazi yake.

Upande wa pili, kutoka Ubuntu kwenda Windows, tatizo lilikuwa dogo ila hunasa watu wengi. Binti huingia kwenye laptopu kwa PIN ya tarakimu nne, na PIN hiyo haitoki nje ya mashine. Mtandao wataka nenosiri la akaunti, ambalo hakuna alikumbukaye. Tengeneza akaunti ya pili ndani ya Windows, yenye jina fupi na nenosiri, kwa kazi hii tu. Na ile diski ya nje ikikubali kusomwa na kukataa kuandikwa, irudishe kwenye Windows, uzime kule kuwaka kwa haraka, kisha uzime kompyuta kikamilifu; Windows hulala nusu macho, na Linux haitaki kuandika kwenye diski ambayo mwenzake hajaiachia.

Majina ya faili nayo yana vituko vyake. Linux huruhusu alama ya nukta mbili katika jina, Windows hairuhusu. Risiti aliyoihifadhi mpwawe dukani kwa jina lenye saa, 12:30, chumbani ilitokea na jina lililokatwakatwa lenye ~ katikati, na binti akadhani ni kirusi. Tumieni kistari.

Ikabaki mashine ya fotokopi. Hiyo ilisema "kosa la kuingia" na haikusema zaidi. Jina sawa, nenosiri sawa, anwani sawa. Kasoro ilikuwa umri: inajua SMB1 tu. Tarehe 12 Mei 2017 programu ya kuteka faili iitwayo WannaCry ilienea katika nchi zaidi ya 150 kupitia ufa wa SMB1, ikazikwamisha hospitali za umma za Uingereza, ingawa kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka Machi. Ufa huo ulikuwa wa Windows, lakini toleo hilo la itifaki lilikuwa limeshachakaa kote, na Samba nayo, katika toleo la 4.11 la Septemba 2019, ikaacha kuliitikia mpaka uiamuru.

Kuiamuru ni mstari mmoja, `server min protocol = NT1`, na mashine ingekuwa hai papo hapo. Mpwawe alishaupata mstari huo na vidole vilikuwa vikimwasha. Nilikataa, na sababu yangu si WannaCry peke yake. Mstari huo hauhusu folda moja. Hushusha kiwango cha seva nzima, na seva ile ina vitambulisho, hati za kuzaliwa na PIN za KRA za watu wa Likoni walioziacha pale kwa uaminifu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, mwenye duka ana wajibu wa kuzilinda, liwe kubwa au dogo.

"Sasa mashini niitupe baharini?" Bi Mkubwa akauliza.

La. Mashine nyingi za umri ule zina njia nyingine za kutuma skani. Barua pepe tuliijaribu, ikagoma, kwani usimbaji wake ni wa zamani na seva za barua za leo haziukubali. FTP ikakubali. FTP nayo si malaika: nenosiri hupita kwenye waya wazi wazi. Kwa hiyo tuliipa akaunti yake peke yake, isiyoingia popote ila folda ya "skani", isiyotumia nenosiri la mtu yeyote, na ruta haifungui njia yake kutoka nje. Akiiba mtu nenosiri hilo, atapata skani za siku hiyo, hatapata miaka yote. Na ili ziwe za siku hiyo kweli, kompyuta huziondoa humo kila usiku saa nne na kuzipeleka "kazi"; zile za wateja waliokwisha kuchukua karatasi zao, Bi Mkubwa huzifuta mwenyewe kabla ya hapo.